Mshipi Upi Utufaao?

Naomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni mshipi wa kuvulia samaki. Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu, na makao yangu ni hapa Wandegeya. Kila likizo inapokaribia, vijana hunijia wakiniuliza, "Mzee, tununue mshipi gani?" Swali lao ni jema, kwa kuwa wengi hawaulizi kabisa. Ndoana huchaguliwa kwa makini, chambo huchimbwa kwa jasho, lakini mshipi hununuliwa kama chumvi. Mtu husema tu, "Nipe ule mnene," akalipa, akaenda zake.

Maoni yangu ni haya: mshipi mnene si lazima uwe mshipi bora, wala ule wa bei kubwa si lazima utufae. Mshipi huchaguliwa kwa kumtazama samaki kwanza, kisha maji, kisha mfuko. Asiyefuata utaratibu huo hupoteza fedha, hupoteza samaki, na tena huacha madhara nyuma yake.

Siku hizi mishipi iliyoko madukani ni ya namna tatu. Ya kwanza ni nailoni. Kabla yake wavuvi wa Ulaya walitumia hariri, kitani, na hata singa za mkia wa farasi. Nailoni ilibuniwa mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont huko Marekani, na baada ya muda si mrefu ikashika nafasi ya nyuzi hizo zote. Ya pili ni fluorokaboni, iliyoanza kutengenezwa Japani kwa ajili ya mishipi miaka ya 1970. Ya tatu ni mshipi uliosukwa kwa nyuzi nyembamba mno za polithilini, ulioenea tangu miaka ya 1990.

Kila mmoja una tabia yake. Nailoni hunyumbuka; ukivutwa kwa nguvu hurefuka kwanza kabla ya kukatika. Fluorokaboni ni nzito kuliko maji, basi huzama upesi, na tena ni vigumu kwa samaki kuiona, kwa sababu hupitisha nuru karibu kama maji yapitishavyo. Mshipi uliosukwa huelea, karibu haunyumbuki, na kwa unene ule ule huweza kubeba uzito mara mbili au tatu kuliko nailoni.

Akisikia hayo, kijana atasema, "Basi mzee, bora ni uliosukwa!" Hasha. Nauliza kwanza: unamvua samaki gani, na kwa chombo gani? Vijana wetu wengi wakienda Ggaba au kwenye mabwawa ya samaki hawana fimbo wala kigurudumu. Mshipi wao wameuzungushia mkebe au kipande cha ubao, na huuvuta kwa mikono mitupu. Mshipi uliosukwa katika mkono mtupu ni kisu. Samaki mkubwa akikurupuka, uzi ule mwembamba usionyumbuka hupita katikati ya vidole na kukata nyama. Tena, kwa kuwa haunyumbuki, kila mshtuko wa mkono humfikia samaki wote. Ngege mwenye midomo laini huchanika mdomo na kukimbia. Nailoni humsamehe mvuvi asiyezoea, kwa kuwa hupunguza mshtuko ule.

Kwa hiyo anayemtafuta ngege namshauri anunue nailoni ya kilo 3 au 4. Kwa kambare, kilo 6 au 7 zatosha. Kamongo, ambaye Waganda humwita mmamba, na ambaye watu wa ukoo wa Mmamba hawamli, ana meno magumu yawezayo kuuponda mshipi; huyo atiliwe kipande kinene karibu na ndoana. Sangara ni habari nyingine. Huyo ni wa asili katika Ziwa Albert na katika Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison. Katika Ziwa Victoria alitiwa na watu miaka ya 1950. Huweza kupita kilo 100, mdomo wake hukwaruza kama msasa, na mifuniko ya mashavu yake ina makali. Kwake ndipo mshipi uliosukwa unapostahili, lakini uwe katika kigurudumu na fimbo imara, na mwishoni ufungiwe nailoni nene isiyokatwa kwa kukwaruzwa.

Na fluorokaboni je? Sifa yake kubwa ni kutoonekana, na katika maji maangavu ni sifa ya kweli. Lakini maji ya Ggaba, mara nyingi, ni ya kijani kwa wingi wa mwani. Samaki ambaye haoni mbali katika maji yale hawezi kuubagua mshipi wako. Kulipa fedha nyingi ili kuficha kitu mahali penye giza ni sawa na kununua pazia la dirisha lisilokuwapo.

Wengine hunijibu, "Lakini mshipi mnene haukatiki!" Hapo ndipo penye kosa lenyewe. Wahenga walisema, kamba hukatikia pembamba. Mvuvi mwenye akili huchagua mwenyewe pale pembamba pawe wapi. Hufunga kipande dhaifu kidogo karibu na ndoana, ili ndoana ikinasa katika mwamba au gogo, ipotee ndoana peke yake. Mwenye mshipi mnene tangu mwanzo hadi mwisho huvuta hata akachoka, kisha huukata kwa kisu pale aliposimama, akaacha mita nyingi majini.

Hata mshipi uliochaguliwa vizuri hudai uangalizi. Soma karatasi ya kidonge: ukiona ratili 10, jua ni kilo 4 na nusu. Usinunue nailoni iliyokaa dirishani, kwa kuwa jua huidhoofisha. Mimi niliwahi kuuziwa moja ya namna hiyo katika duka moja la mjini. Kwa macho ilikuwa mpya, lakini ilikatika kama uzi wa buibui. Tangu hapo huomba kwanza urefu wa mkono, nikafunga fundo, nikalivuta mbele ya mwenye duka. Na fundo lenyewe lilowanishwe kwa maji au mate kabla ya kukazwa, maana likikazwa kavu hupata joto na kuuharibu uzi.

Sasa naja kwa jambo linaloniuma zaidi. Jina la Wandegeya husemwa kuwa latokana na ndegeya, yaani mnana, ndege wale hodari wa kusuka viota. Ndege asukaye kiota hatofautishi jani na nailoni. Huokota kipande cha mshipi, akakipeleka kiotani, nacho kikamnasa mguu wake au wa kinda lake hata wakafa wakining'inia. Tena vipande vitupwavyo katika mifereji yetu havikai hapa. Maji ya mvua ya bonde la Katanga huvichukua hadi Bwaise, na kutoka huko hadi kinamasi cha Lubigi, waliko kambare, kamongo na ndege wa majini. Nailoni haiozi kama katani. Mshipi ulioutupa leo utaendelea kunasa siku nyingi, wala hapana wa kula kitoweo chake.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, nunueni mshipi mwembamba wa kadiri, uwe mpya, na umfae samaki mnayemtaka. Vipande vilivyokatika virudisheni nyumbani katika mkebe, mvikate vidogo vidogo kabla ya kuvitupa katika pipa la taka. Na ninyi wenzangu mliotoka shuleni zamani, mnaopenda kuwaletea vijana zawadi kutoka ng'ambo, msiwaletee mshipi wa sangara hali wanavua ngege. Waleteeni vidonge viwili vya nailoni nzuri, kisha mfuatane nao Ggaba siku moja mkawafundishe kufunga fundo.