Joto la Dar halijaua laptopu yako

Hivi nani alitudanganya kwamba laptopu ya gemu ikizimika ghafla Dar es Salaam, mwenye kosa ni jua? Kila fundi utakayemwendea ana wimbo uleule: "Bosi wangu, hizi mashine za Ulaya, joto letu haziliwezi. Bodi imekufa." Na sisi, watu tuliosoma, tunaitikia kama kwaya kisha tunauliza bei ya bodi!

Mimi nakataa. Tupige hesabu basi. Mchana wa Februari Dar inafika nyuzi 32 hivi. Chumba cha mwenzetu wa London kina nyuzi 20. Tofauti ni 12, na kwa makadirio ya karibu hizo 12 ndizo zitakazoongezeka kwenye prosesa. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100, na zikikaribia hapo zinajipunguza kasi zenyewe zisiungue. Kwa hiyo mashine iliyokuwa ikifanya kazi kwenye 78 kule, hapa itafanya kwenye 90. Feni zitalia kama bajaji inayopanda mlima, sawa, lakini kuzima? Ikizima, kuna kitu kinazuia joto lisitoke. Mara nyingi kitu hicho ni vumbi.

Rafiki yangu anahariri video za harusi. Gemu hachezi hata moja, ila alinunua laptopu ya gemu kwa sababu ya kadi yake ya grafiki, kama wahariri wengi tu. Duka moja mjini lilimwambia atoe laki tisa za bodi mpya. Huku harusi mbili hazijakabidhiwa na maharusi wanapiga simu asubuhi na jioni. Tukafungua kifuniko cha chini. Kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kutolea joto, vilivyopangwa kama meno ya kitana, vumbi lilikuwa limeshikana kama kipande cha blanketi. Feni inapuliza, hewa inagonga ukuta. Ile pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye shaba imekauka kama chokaa.

Brashi laini, spiriti, pesti mpya, saa moja na nusu. Mwanzo ilikuwa inagonga 99 ndani ya dakika chache na kuzima. Sasa inahariri kwenye 84, na harusi zote mbili zimeshatoka.

Ninachouliza ni hiki: yule fundi alijuaje kwamba bodi imekufa? Hakupima joto, ingawa programu kama HWiNFO ni ya bure. Hakufungua kifuniko. Bodi iliyokufa haiwaki, ndugu yangu, wala haihariri video dakika tano kwanza halafu ndiyo izime!

Mafundi siwatupii lawama peke yao. Watengenezaji nao wametutia woga kwa vile vistika vya "ukibandua, waranti imekufa". Marekani kwenyewe, tume ya biashara ya serikali, FTC, iliziandikia barua za onyo kampuni kadhaa mwaka 2018 kuhusu vistika na masharti ya namna hiyo, Asus ikiwemo. Julai 2024 ikarudia, safari hii kwa Gigabyte, Zotac na ASRock miongoni mwa wengine. Sasa wewe umenunua mashine iliyotumika, au shemeji kakuletea kwenye begi kutoka Dubai, unalinda waranti gani?

Na huu ugonjwa wa wembamba! Chukua prosesa ya Intel i7-12700H. Nguvu yake ya kawaida imeandikwa wati 45, lakini ikikurupuka inaruhusiwa kula hadi 115. Unaibana kwenye mwili mwembamba pamoja na kadi ya grafiki, halafu matundu ya hewa unayaweka chini ya tumbo. Sisi nasi tunakwenda kuilaza juu ya godoro. (Wale wa kucheza FIFA kitandani, mnajijua.)

Kabla ya kulipa hata shilingi, iweke juu ya meza ngumu, inua nyuma kwa vitabu viwili, punguza idadi ya picha kwa sekunde kwenye gemu iwe 60, kisha pima. Ikiwa bado inapaa, ifunguliwe. Ukifungua mwenyewe, izime kabisa na chomoa waya wa betri kwanza, na ushike feni kwa kidole isizunguke unapopuliza vumbi. Ukikuta betri imevimba, usiiguse, hiyo ni kazi ya fundi. Ukimpelekea, kaa hapohapo mezani kwake, na mwambie akuonyeshe joto kwenye skrini kabla ya kufungua na baada ya kufunga. Akikataa, beba mashine yako, maduka ni mengi.