Upepo ni wa Marsabit, stima ni ya nani?

Wakenya wenzangu, leo tuongee kuhusu upepo. Kule Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 imesimama jangwani, na kwa pamoja inaweza kutoa megawati 310. Ndio mradi mkubwa zaidi wa upepo nchini. Mimi sina shida na mradi. Shida yangu ni vile tulivyogawana faida.

Kwanza, inafanyaje kazi? Si ngumu. Upepo unasukuma mapanga matatu, mapanga yanazungusha mhimili, giaboksi inaongeza kasi, halafu ndani ya jenereta sumaku na nyaya za shaba zinapishana. Stima hiyo! Na upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nane. Ndio maana watu walivuka jangwa lote kuufuata upepo wa pale, unaobanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na Ethiopia.

Stima yenyewe inasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mitambo ilikuwa tayari 2017, lakini laini ikachelewa mpaka Septemba 2018. Huo muda wote upepo unavuma bure, na nchi inatozwa faini.

Sasa jiweke kwa nafasi ya mfugaji wa pale. Ekari 150,000 zilitengewa mradi. Mwaka 2021, mahakama ya ardhi Meru ikaamua kwamba hatimiliki zake hazikutolewa kwa kufuata sheria. Yaani jamii ilipaswa kuulizwa vizuri, na haikuulizwa.

Najua kuna mtu atasema, "Laini ya volti 400,000 huwezi kuchomeka taa ya manyatta." Ni kweli kabisa. Unahitaji kituo cha kupunguza nguvu, nguzo na nyaya ndogo. Hizo ni pesa. Lakini kama tuliweza kusimamisha minara kutoka ziwani hadi Suswa, kituo cha kuhudumia wenyeji ndicho kitushinde?

Mimi nasema hivi: mradi ujao wa upepo, jamii ikubali kwanza ndipo hatimiliki itolewe. Na stima ya vijiji jirani iandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, isiachwe iwe ahadi ya kampeni. Anayelala akisikia mapanga yakizunguka usiku kucha hastahili kusomea koroboi.