Kabla ya Mchango wa India, Tuwapime Ndugu Kwanza

Si mara moja wala mbili, baada ya sala ya Ijumaa, tumesikia tangazo la mtoto anayetafutiwa pesa za kwenda India kubadilishwa uboho. Watu hutoa, na wasio na fedha taslimu hutuma kwa simu. Wapwani kwa kuchangiana hatujambo. Ila swali moja huja kwa kuchelewa: uboho huo utatoka kwa nani?

Jambo hili latuhusu. Ugonjwa wa selimundu umeenea Pwani, kama ulivyoenea kanda ya Ziwa, kwa sababu hufuata nyayo za malaria. Tiba iliyozoeleka ya kuuondoa kabisa ni kupandikiza seli shina, zile seli mama za ndani ya mifupa zinazozaa damu yote mwilini. Uboho wa mgonjwa huuliwa kwa dawa kali, kisha hutiwa seli za mtu mwingine kupitia mshipa, mfano wa mtu kuongezwa damu.

Wengi hudhani sharti ni kundi la damu kufanana. Sivyo. Kinachotazamwa hasa ni alama za HLA, ambazo kinga ya mwili huzitumia kumjua mwenyeji na mgeni. Zikitofautiana, mwili waweza kuzikataa seli mpya, au seli hizo zikaushambulia mwili.

Mtoto hurithi nusu ya alama hizo kwa baba na nusu kwa mama. Ndiyo maana mzazi kwa kawaida hulingana naye nusu tu, hali ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye kikamilifu. Wakiwa ndugu watatu, uwezekano wa kumpata angalau mmoja hupita nusu. Lakini ndugu wa mama mbalimbali, ambao majumbani mwetu si haba, hawana nafasi hiyo. Na ndugu aliyerithi chembe ya selimundu bila kuugua bado aweza kutoa.

Asiye na ndugu wa kumfaa hutafutiwa katika sajili za dunia, zenye watu zaidi ya milioni 40. Huko nako twaumia. Sajili ya Marekani yenyewe yasema mgonjwa mzungu ana nafasi ya asilimia 79 ya kupata wa kulingana naye, mweusi asilimia 29. Sasa fikiria Mswahili mwenye nasaba ya Afrika, Arabuni na Bara Hindi. Asiyejiandikisha hapatikani, na watu wetu hatujajiandikisha. Hospitali nyingine sasa hutumia mzazi anayelingana nusu, japo yataka uangalifu zaidi.

Hofu nayo tuiondoe. Uboho hauchotwi kwenye uti wa mgongo. Huchotwa kwenye mfupa wa nyonga, mtoaji akiwa amelazwa kwa dawa, na hurudi wenyewe baada ya wiki chache. Mara nyingine seli hizo huchujwa kutoka damu ya mkononi.

India si mlango wa pekee tena. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wa selimundu mwaka 2023. Jirani ameweza. Kaunti zetu sita zina wagonjwa, zina magavana na zina bajeti. Tuwaulize: kipimo cha HLA kitafika lini hospitali zetu?

Nasi, kabla ya kutandaza kanga ya mchango, tuwakalishe ndugu wapimwe.