Mpunguzieni fundi bei ya uzi kwanza

Kila ukizuka mjadala wa mitumba hapa Kampala, hakosekani wa kusema kwamba mfanyakazi wa China au Bangladesh ni mchapakazi na wetu ni mvivu. Ninasimamia mafundi wanaoshona sare za shule na fulana za kola katika karakana moja ya Kisenyi, jirani na soko la Owino, na maneno hayo yananiuma kwa sababu si kweli.

Njooni muione siku ya kazi. Fundi yuko kwenye mashine ya ovaloki ya kufunga kingo za kitambaa, uzi wa bei ya chini tulioununua katika maduka ya Kikuubo unakatika katikati ya mshono. Anasimamisha mashine, anatunga upya, anafumua palipoharibika. Sindano ikivunjika na akiba imekwisha, mtu anapanda bodaboda kwenda kutafuta nyingine. Umeme ukizima, wote tunakaa. Jioni fulana zinahesabiwa, zinagawanywa kwa idadi ya mafundi, na jibu ndilo linaloitwa tija ya mfanyakazi. Saa za kungoja hazimo kwenye hesabu hiyo.

Ushindani wa nje umetunoa, sikatai. Mteja akitoka Owino ameshaigeuza nguo ya mtumba ndani nje akakagua mishono, akifika kwetu anafanya vilevile. Kola zetu zilizokuwa zikipinda zimenyooka kwa sababu yake. Lakini kuliona kosa ni jambo moja, na kupata mashine ya kuliondoa ni jingine.

Historia ya viwanda vyetu inaonyesha hivyo. Kiwanda cha nguo cha Nytil kilipoanza Jinja katikati ya miaka ya 1950, kilikuwa na pamba ya nchini na umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954. Kiwanda cha nguo cha Tri-Star, kilichofunguliwa Bugolobi, hapa Kampala, 2003, kilipewa soko la Marekani bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika, lakini vitambaa vilitoka ng'ambo. Mwanzoni mwa 2005 ukaisha mfumo wa dunia uliokuwa ukiwawekea Wachina na wengine kikomo cha nguo za kuuza nchi tajiri. Mwaka 2006 Tri-Star ikafungwa. Soko lilikuwepo, msingi wa kushindania haukuwepo.

Wachumi Mary Amiti na Jozef Konings walichunguza viwanda vya Indonesia, wakachapisha matokeo yao 2007. Ushuru wa malighafi na vipuri kutoka nje uliposhuka, tija ya viwanda vilivyoviagiza ilipanda angalau mara mbili zaidi ya pale uliposhushwa ushuru wa bidhaa shindani. Mimi naliona hilo kila uzi unapokatika.

Ndiyo maana sikushangilia Rais Museveni alipotangaza 2023 kwamba mitumba ipigwe marufuku, ingawa mitumba inaninyang'anya wateja. Marufuku ingemwachia fundi wangu uzi uleule na umeme uleule, na kumwondolea mahali anaponunulia wanawe nguo. Wachuuzi wa Owino nao wana watoto wa kulisha.

Bajeti husomwa kila Juni. Naiomba Wizara ya Fedha iondoe kodi zote zilizosalia kwenye uzi, sindano, zipu na vipuri vya cherehani, na sare zote za shule za serikali zishonwe humu nchini kwa mikataba inayolipwa kwa wakati. Baada ya hapo, tupimeni na Bangladesh.