Kutazama video hakulipi

Kuna hizi "kampuni" za mtandaoni zinazokuja kwa WhatsApp: tazama video, laiki, ulipwe. Siku ya kwanza unatumiwa mia mbili kweli. Ya pili unaambiwa uweke elfu tatu ndio upande daraja, na hiyo hairudi.

Hebu fikiria. Google ilinunua YouTube mwaka 2006 kwa dola bilioni 1.65, na hadi leo pesa nyingi za YouTube hutoka kwa wenye matangazo. Anayelipwa ni mwenye video, tena si kila mmoja. Wewe mtazamaji, macho yako ndiyo yanayouzwa. Sasa huyu wa WhatsApp anatoa wapi za kukulipa? Mimi naona ni za yule aliyeweka elfu tatu jana.

Kama ushatuma, usingoje jioni. Tupigie saa hiyo hiyo, kabla hajazitoa.