Simu Isivunje Usawa wa Watoto

Mtoto wa mkulima na mtoto wa mkurugenzi wanapoketi kwenye dawati moja huwa wamevaa sare moja. Maana yake ni dhahiri: darasani hapana bwana wala mtwana, kinachopimwa ni juhudi. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu ya kikoloni kwa kukuza ubinafsi, akataka shule zijenge moyo wa usawa na ushirikiano. Januari 2023 nalo Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi walioongoza, kwa kuona kwamba desturi hiyo haina tija.

Lakini kengele ya mwisho ikishalia, au likizo ikishaanza, simu huupanga upya ule msururu wa wakubwa na wanyonge. Vijana hushindanishwa kwa viatu, kwa sebule za wazazi wao, kwa ngozi ya uso na umbo la mwili. Hukumu hutolewa kwa idadi ya waliopenda picha. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Picha moja huchaguliwa kati ya ishirini na kulainishwa kwa programu, kisha binti wa miaka 14 huitazama na kujiona hafai.

Hapo ndipo uonevu unapozaliwa. Aliyewekwa mkiani hufanywa kichekesho: kiatu chake kilichochanika hupigwa picha kwa siri, na kabla ya magharibi darasa zima limeiona. Dhihaka ya zamani iliishia njia panda ya kwenda nyumbani. Ya leo humfuata mtoto hadi kitandani, na kesho yake huingia naye darasani.

Wapo wanaovuna katika mateso hayo. Mwaka 2021, Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alifichua nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Katika utafiti wake yenyewe, asilimia 32 ya wasichana walisema kwamba wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Kampuni za namna hii huishi kwa matangazo; kadiri kijana anavyokodoa macho, ndivyo zinavyochuma. Huo ni unyonyaji, hata kama mnyonywaji anatabasamu pichani.

Wako watakaosema kwamba huo ni utani wa kitoto, au kwamba kupiga marufuku simu shuleni kunatosha. Marufuku huishia getini. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nacho kinakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia mtu uchungu wa moyo, lakini mahakama haijapata kulea mtoto.

Malezi ni kazi ya wakubwa, na baadhi yao ndio walimu wa ubaya huo. Mtumishi anayetangaza kila wiki gari lake jipya na ada anayomlipia mwanawe humfundisha mtoto kupima utu kwa mali. Mwalimu anayesambaza majibu ya kuchekesha ya mwanafunzi wake ameshatoa somo la uonevu, na amelitoa kwa vitendo.

Kwa hiyo kila mkutano wa wazazi hauna budi kulijadili jambo hili waziwazi. Mtoto anayekuja kushtaki asikilizwe kwanza, wala asinyang'anywe simu papo hapo, maana hofu ya kunyang'anywa ndiyo inayowaziba wengi midomo. Ujumbe wa matusi uhifadhiwe uwe ushahidi. Aliyeutuma aitwe pamoja na mzazi wake, aonywe na afunzwe.

Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mwalimu aliye mkali kwa sare chafu na kuyafumbia macho matusi ya simuni ameilinda nguo, amemwacha mtoto.