Gemu ya Kwanza Haikuwa na Programu, Ilikuwa na Fundi

Wasee, kila mtu akianza kusimulia historia ya gemu anaanza na Pong, halafu anataja jina moja: Nolan Bushnell wa Atari. Nimeona video za aina hiyo mpaka nimechoka. Leo tuongee kuhusu mashine iliyotangulia Pong, na jamaa ambaye huwa anarukwa.

Mashine yenyewe inaitwa Computer Space. Ilitoka 1971 huko California, ikiuzwa na kampuni ya Nutting Associates, na ndiyo gemu ya kwanza ya video ya kutumbukiza sarafu kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kibiashara. Kwa macho tu ni moto: kabati la fibaglasi, limepinda kila upande, rangi inang'aa. Hata kwenye filamu ya Soylent Green ya 1973 imo. Unatumbukiza senti 25, unaendesha roketi, unarushiana risasi na visahani viwili vya angani kwa sekunde 90. Ukivipiga kuliko vinavyokupiga, unaongezewa sekunde 90 zingine. Siku hizi ni nadra kuiona, na mwenye nayo haachilii ovyo.

Sasa sikia. Ndani ya hiyo Computer Space hakuna kompyuta. Jina ni la kuringa tu. Hakuna prosesa, hakuna programu. Wazo lilitoka kwa Spacewar!, gemu iliyotengenezwa MIT 1962, lakini hiyo ilikuwa inachezwa kwa kompyuta ya zaidi ya dola 100,000. Ni baa gani ingenunua kitu kama hicho? Kwa hivyo kila kitu kikajengwa kwa saketi tupu na TV ya kawaida isiyo na rangi. Ukiitoa bodi yake ukaiangalia vizuri, utaona dayodi zimepangwa kwa umbo la roketi yenyewe. Yaani ile picha unayoiona kwa skrini, mtu aliipanga kwa mkono na kuichomelea.

Na hapo ndipo anaingia Ted Dabney. Yeye na Bushnell walikuwa wanafanya kazi pamoja Ampex. Mambo ya elektroniki Dabney alijifunzia jeshini, Marines, si chuo kikuu. Ndiye aliyepata ile mbinu ya kusogeza picha kwenye TV bila kompyuta, na bila hiyo hakuna roketi inayoenda popote. Hata mlio wa roketi aliutoa kwa kukuza kelele ya dayodi ndogo ya Zener. Bushnell naye alikuwa na maono, alichora saketi za roketi na visahani, na lile kabati aliliunda kwanza kwa udongo. Hakuna anayemnyima haki yake.

Lakini hataza ya kusogeza picha, ile karatasi rasmi inayosema uvumbuzi ni wa nani, ilitolewa 1974 ikiwa na jina moja tu: Bushnell. Dabney alikuwa ashaondoka Atari 1973, kampuni waliyoanzisha pamoja. Baadaye akawa anaendesha duka la vyakula na mkewe, na kwa miaka mingi hadithi ya gemu ikasimuliwa kana kwamba hakuwahi kuwepo. Alifariki 2018.

Najua kuna mtu atasema, "Bila Bushnell wa kuuza wazo, saketi ya Dabney ingebaki mezani." Ni kweli. Kuuza ni kazi, tena ngumu. Lakini kujua kuuza hakukufanyi uwe ndiye uliyetengeneza.

Mbona hii inaniuma? Kwa sababu niliacha campo mwaka wa pili, na tangu hapo nakula kwa mikono yangu. Kuna video niliwahi kuedit siku tatu mfululizo. Ikapaa. Mwenye akaunti akasifiwa, mimi hata kwa maelezo sikutajwa, na mteja aliyefuata akaniuliza kama nina kazi yoyote ya kuonyesha. Jina ndilo linaleta kazi inayofuata. Muulize prodyuza anayetengeneza biti pale mtaani, ama fundi wa Luthuli anayefufua simu ambayo wengine wameshindwa nayo.

Kwa hivyo mambo ni mawili. Kama wewe ndiye fundi, jina lako likubaliwe kwa maandishi kabla hujatuma faili ya mwisho. Usingoje video ipae ndio uanze kuomba. Na kama wewe ndiye uso wa kazi, taja watu wako leo, wangali hapa wa kusikia. Dabney alisubiri zaidi ya miaka 30 ndipo watu wakaanza kumuuliza upande wake.

Na ukipost picha ya hiyo mashine, andika majina yote mawili.